Usimnyamazie Mwanao kwa Sababu ya Kiingereza

Huenda taswira hii si ngeni kwako. Mama amerejea nyumbani kutoka mkutano wa wazazi. Amevua buibui, ameketi jikoni akisubiri wali ukauke, na moyoni amebeba maneno aliyoambiwa na mwalimu: mtoto wako yuko nyuma katika Kiingereza, basi nyumbani msizungumze naye Kiswahili. Kiingereza cha mama huyu ni kile cha "come", "sit down" na "finish your food". Lakini yeye ni mzazi, na hakuna mzazi asiyemtakia mwanawe kheri. Tangu jioni hiyo akajikaza. Hadithi alizokuwa akizisimulia baada ya sala ya Isha zikakoma. Maswali ya leo umesoma nini, nani amekuudhi, mbona uso umekunjamana, nayo yakakoma, kwa kuwa hakuwa na maneno ya kuyauliza kwa Kiingereza. Mazungumzo yaliyokuwa marefu yakageuka amri fupi fupi. Nyumba ikaingia kimya.

Ushauri ule ulitolewa kwa nia njema, na mama aliufuata kwa nia njema zaidi. Hata hivyo, wataalamu wa ufundishaji wa lugha wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, katika nchi nyingi na madarasa mengi, na waliyoyaona hayaungi mkono kimya kile. Makala haya yamekusudiwa kumweleza mama kwamba Kiswahili chake si kizuizi cha Kiingereza cha mwanawe bali ni msingi wake, na kumwonyesha namna anavyoweza kusaidia hata kama Kiingereza hakijui.

Rai hii ilitoka wapi?

Imani kwamba mtoto hujifunza Kiingereza kwa kunyimwa lugha nyingine ni kongwe. Mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza. Fikra zilizotawala wakati ule zilikuwa kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kianzwe mapema iwezekanavyo, kipewe saa nyingi iwezekanavyo, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana kiwango cha Kiingereza kitashuka. Miaka thelathini baadaye, mtaalamu Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alizipanga fikra hizo moja baada ya nyingine na kuziita makosa, kwa kuwa hazikuwa na ushahidi wa kutosha nyuma yake.

Hapa Kenya, fikra hizo zilishika mizizi kupitia mpango ulioitwa New Primary Approach, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ikapendekeza kwamba watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao katika madarasa matatu ya mwanzo, Kiingereza kikiwa somo, kisha Kiingereza kishike usukani kuanzia darasa la nne. Huo ndio utaratibu tulio nao kwenye karatasi hadi leo. Lakini mzazi wa mjini anajua kuwa shule nyingi haziufuati, na kwamba shule hujinadi kwa wazazi kwa kusema mtoto wa chekechea haruhusiwi kutamka neno la Kiswahili ndani ya lango lake.

Kipo pia kisa cha adhabu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, anasimulia jinsi katika utoto wake, miaka ya 1950, mwanafunzi aliyekutwa akizungumza Kikuyu shuleni alichapwa au kuvishwa kibao shingoni kumwaibisha. Vibao vya aina hiyo vimeendelea kuvishwa watoto wa Kenya kwa miaka mingi baada ya uhuru. Ajabu ni kwamba Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 katika Kifungu cha 7 inakitaja kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, huweza kumtia mtoto adabuni katika nchi yake mwenyewe.

Chumvi ya Ngomeni

Tutazame sasa wanavyosema watafiti. Jim Cummins, mtaalamu aliyefanya kazi Kanada, alieleza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba lugha mbili za mtoto hazikai kichwani kama mitungi miwili, mmoja ukijaa mwingine hupungua. Chini yake kuna hazina moja ya maarifa na fikra, na kila lugha huteka humo humo.

Mfano wa kwetu utaliweka jambo hili wazi. Mtoto wa Gredi ya Nne anafundishwa namna maji yanavyogeuka mvuke. Kwa Kiingereza neno lake ni "evaporation", neno refu na gumu. Ikiwa mtoto huyu amewahi kupelekwa na babake kuona mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, akaelezwa kwa Kiswahili kwamba maji ya bahari huachwa juani, maji yakapaa na chumvi ikabaki, basi kazi yake darasani ni moja tu: kulivika jambo analolijua jina jipya. Mwenzake ambaye hajawahi kuelezwa lolote kwa lugha yoyote ana kazi mbili kwa mara moja, kulielewa jambo na kulijua jina. Na mara nyingi huishia kulikariri jina bila jambo, akalipata katika mtihani wa Jumatatu na kulisahau Jumatano.

Cummins alibainisha jambo la pili linalopaswa kumtuliza mzazi. Alipochunguza watoto wa wahamiaji mjini Toronto, aliona kuwa Kiingereza cha kuzungumza na kucheza walikipata kwa takriban miaka miwili. Lakini Kiingereza cha vitabu, cha kueleza sababu na kulinganisha mambo, kiliwachukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzao. Na hao ni watoto waliozungukwa na Kiingereza dukani, garini na uwanjani. Mtoto wa Majengo au wa Faza hukisikia Kiingereza darasani, na akitoka nje ya lango hukutana na Kiswahili. Akichukua miaka si kwamba ni mzito wa kichwa. Lugha ya elimu ndivyo inavyokua, polepole, kama mnazi.

Barani Afrika kuna jaribio mashuhuri zaidi la jambo hili. Mwaka 1970, katika mji wa Ile-Ife nchini Nigeria, Profesa Aliu Babatunde Fafunwa, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu wa nchi hiyo, aliongoza mradi uliowafundisha watoto masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka sita ya shule ya msingi. Kiingereza kilikuwa somo, nacho kilifundishwa na mwalimu aliyebobea. Walilinganishwa na watoto waliofundishwa kwa Kiyoruba miaka mitatu, kisha wakahamishiwa Kiingereza. Wengi walidhani watoto wa Kiyoruba wataachwa nyuma katika Kiingereza. Hawakuachwa nyuma, na katika masomo mengine walifanya vyema zaidi. Walichokosa katika wingi wa saa za Kiingereza walikipata katika ubora wa mwalimu na katika uwazi wa fikra zao.

Kinachopotea nyumba ikinyamaza

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani katika ripoti ya shule. Mwaka 1991 Lily Wong Fillmore wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti uliokusanya habari za familia zaidi ya elfu moja nchini Marekani, zenye watoto waliotiwa katika shule za awali za Kiingereza pekee. Wengi wa watoto hao walianza kuiacha lugha ya nyumbani. Wazazi, nao hawakukijua Kiingereza vya kutosha, wakajikuta wanaishi na watoto wasioweza kuzungumza nao kwa kina. Kichwa cha utafiti huo kilihusu kupoteza lugha, lakini kilio cha wazazi kilikuwa juu ya malezi. Mzazi hulea kwa maneno. Kwa maneno humfariji mtoto, humwonya, humsimulia habari za babu zake, humfunza haya na adabu. Akinyang'anywa maneno, hubakiwa na mkono wa kulisha na mkono wa kupiga.

Huku Pwani hatujafika huko, lakini dalili tunaziona. Bibi anamwambia mjukuu jambo, mjukuu anamtazama kwa mashaka kisha anamgeukia mamake amfasirie. Kijana anajua kulalamika kwa Kiingereza ila hajui kumtaka radhi mzee kwa Kiswahili. Wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutukataza kuupokea msala. Walitukataza kuutupa mkeka wetu kabla hatujajua kama huo mwingine utabaki.

Kiingereza hakipuuzwi

Nisieleweke vibaya. Mtoto wetu anakihitaji Kiingereza, na anakihitaji kizuri. Kuanzia Gredi ya Nne hisabati, sayansi na masomo ya jamii huandikwa kwa Kiingereza, na mitihani inayoamua njia yake huandikwa kwa Kiingereza. Mzazi anayekijua na akizungumze, akisome na kukicheza na mwanawe, hakuna madhara. Swali ni namna gani Kiingereza hufundishwa kikakaa.

Jibu moja zuri mno linatoka visiwa vya Fiji, katika bahari ya Pasifiki, ambako watoto huzungumza Kifiji au Kihindi nyumbani na kukutana na Kiingereza shuleni, kama wetu. Mnamo mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walizichagua shule za mashambani zilizokuwa karibu hazina vitabu. Wakayapa madarasa ya nne na ya tano vitabu 250 vya hadithi vyenye picha, vya Kiingereza chepesi. Baadhi ya walimu waliwasomea watoto kwa sauti, wakazungumza juu ya picha na kurudia hadithi pamoja. Wengine waliwaachia watoto nusu saa hivi kila siku wajisomee kimyakimya. Shule nyingine ziliendelea na mazoezi ya sentensi kama kawaida.

Baada ya miezi minane, watoto waliopewa hadithi walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kusikiliza kwa kasi inayokaribia maradufu ya wenzao. Baada ya miezi ishirini tofauti ilikuwa imeongezeka, na ikawa imeenea hadi katika uandishi na sarufi, ingawa sarufi hawakuifundishwa zaidi ya wengine. Sababu haifichiki. Mtoto anayetaka kujua kama simba atamla mbuzi hulikuta neno moja mara nane katika kurasa kumi bila kuona kwamba anasoma. Lugha humwingia kwa mlango wa hamu.

Kenya nayo imeonja matunda ya vitabu. Kuanzia mwaka 2015 mpango wa Tusome ulipeleka vitabu vya Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya mwanzo ya shule za umma kote nchini, kila mtoto na kitabu chake, badala ya watoto kugombea kimoja. Na Kiswahili humo hakikuwekwa kwa heshima tu. Lugha yetu husomwa kama inavyoandikwa. Mtoto aliyejua kusoma "kaka" na "dada" amekwisha fahamu siri kubwa kwamba herufi ni alama ya sauti. Kiingereza, ambacho herufi zile zile za mwisho wa "tough", "though" na "through" husomwa kwa namna tatu mbalimbali, ni mahali pagumu pa kuijulia siri hiyo kwa mara ya kwanza.

Ndani ya darasa

Mzazi akipita karibu na dirisha la darasa husikia sauti za watoto hamsini wakirudia sentensi moja kwa pamoja. Kurudia pamoja kuna faida yake: mtoto mwenye haya hujificha ndani ya sauti za wenzake na ulimi wake hupata mazoezi. Lakini mtoto anaweza kurudia mwaka mzima na asiweze kuomba maji kwa Kiingereza. Merrill Swain, akichunguza watoto wa Kanada waliokuwa wakisomeshwa kwa Kifaransa, aliandika mwaka 1985 kwamba kusikia lugha kwa wingi hakutoshi. Mtoto hana budi kuizalisha mwenyewe, atunge sentensi yake, akwame, atafute neno. Hata katika darasa la watoto hamsini hilo lawezekana: mwalimu huwageuza wawili wawili kwenye dawati, kila mmoja akamwuliza mwenziwe jambo la kweli, kisha wakabadilishana.

Jambo jingine ni subira. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyesikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi, aligundua kwamba mwalimu akiuliza swali alisubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kulihamisha au kulijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa kimya siku zote wakainua mikono. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtoto anayejibu kwa lugha ya mamake, itakuwaje kwa yule anayelazimika kwanza kuielewa lugha, kisha kulifikiria jambo, kisha kulitafutia maneno?

Na kuna suala la kusahihisha. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti wao wa mwaka 1997 katika madarasa ya Montreal, waliona kuwa zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna moja: mtoto akikosea, mwalimu huirudia sentensi ikiwa sawa na kuendelea mbele. Mara nyingi mtoto hakulitambua sahihisho hilo. Lakini mwalimu alipotulia na kumwachia mtoto nafasi ailekebishe mwenyewe, mtoto aliitikia na kujaribu tena. Makofi na kicheko havimo katika njia hizo zote mbili. Mtoto anayechekwa hujifunza jambo moja upesi sana, nalo ni kunyamaza.

Makosa yanayosema kweli

Makosa ya watoto wetu si uchafu wa kufutwa tu. Ni alama za akili inayofanya kazi. Mtoto anayesema "I hear the smell of fish" hajakurupuka. Kwa Kiswahili tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi. Amechukua anachokijua akakivusha. Anayesema "borrow me a pen" ametafsiri "niazime kalamu", kwa kuwa kuazima kwetu ni kutoa na ni kupokea, ilhali Mwingereza ana maneno mawili. Anayemwita babake "she" si mjinga. Kiswahili kinasema "anakuja" kwa mume na kwa mke, na mtoto hajazoea kuulizwa jinsia kila anapofungua mdomo. Mwalimu anayekijua Kiswahili vyema huyaona makosa haya kabla hayajatokea, na dakika moja ya kulinganisha lugha mbili ubaoni humfaa mtoto kuliko viboko kumi.

Katika sauti pia tuna mizigo na tuna neema. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina sauti za irabu zaidi ya kumi, ndiyo maana "ship" na "sheep" humgongana mtoto masikioni. Kwa kawaida Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hukaza popote kitakapo, na mtoto hulitamka neno "hospital" kwa mkazo wa katikati ilhali Mwingereza huukaza mwanzo wake. Mambo haya hayashikiki kwa kusoma kanuni. Hushikika kwa kusikia, na redio au sauti iliyorekodiwa simuni husaidia.

Neema ni kwamba sauti mbili zinazowasumbua Wafaransa na wengineo ulimwenguni, ile ya mwanzo wa "three" na ile ya mwanzo wa "this", mtoto wa Pwani anazo tangu utotoni. Anasema thelathini na thamani, anasema dhahabu na dhambi. Tena madrasa imemnoa sikio. Mtoto aliyerudishwa na ustadhi mara kumi hadi akatofautisha sini na thaa, kila herufi na makhraji yake, amekwisha jifunza kwamba ulimi ukisogea kidogo maana hubadilika. Huo ni ujuzi ambao mwalimu wa Kiingereza angepaswa kuupokea kwa mikono miwili. Ila tusizichanganye kazi mbili. Katika hifdhi lengo ni kuyalinda maneno yaliyokuwapo, yasipungue wala kuzidi. Katika lugha ya mazungumzo mtoto hana budi kutunga maneno yasiyowahi kusemwa. Kukariri kunatosha kwa lile la kwanza. La pili linataka pia ujasiri wa kukosea.

Mama afanye nini?

Kwanza, arudishe hadithi. Asimulie kwa Kiswahili chake kizima, chenye methali, mafumbo na mzaha. Mtoto anayezoea hadithi ndefu hujua namna jambo linavyoanza, linavyofungamana na linavyokwisha, na ujuzi huo huvuka nao hadi katika insha ya Kiingereza.

Pili, kila jioni amwombe mtoto amweleze kwa Kiswahili somo moja alilofundishwa kwa Kiingereza. Asiseme "soma", aseme "nifundishe". Mtoto akiweza kueleza, ameelewa. Akisitasita, mama amejua pa kumwuliza mwalimu, ijapokuwa yeye mwenyewe hakijui Kiingereza.

Tatu, dakika kumi na tano za kusoma kwa sauti. Mtoto asome kitabu cha hadithi cha Kiingereza kilicho chepesi kuliko kitabu chake cha darasa, na mama asikilize. Asikilize kweli, si huku akitazama simu. Kisha aulize: ikawaje? Huyu pichani ni nani? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Majibu kwa Kiswahili yanatosha. Vitabu vinaweza kuazimwa katika maktaba ya umma, au kununuliwa vya mitumba, au majirani watatu wakabadilishana vyao. Mwenye simu anaweza kuzipata bure hadithi za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ambazo nyingi zimo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Hadithi moja, mama akaisoma kwa Kiswahili usiku wa leo, mtoto akaisoma kwa Kiingereza usiku wa kesho: hapo kila mmoja amekuwa mwalimu wa mwenzake.

Nne, nyumbani asichekwe mtoto kwa Kiingereza chake, wala kaka zake wasimwige. Wakubwa wanaojua wapewe kazi ya kuzungumza naye Kiingereza mchezoni, kwa muda uliopangwa, kisha kila mtu arudi katika lugha ya nyumba.

Tano, aende shuleni. Aende kwa adabu, kwa kuwa mwalimu naye amebeba watoto wengi na mtaala mzito, lakini aende na maswali. Je, watoto hupata nafasi ya kuzungumza wawili wawili? Viko vitabu vya hadithi darasani, na wanaruhusiwa kuvigusa? Mtoto asipoelewa jambo kwa Kiingereza, hufafanuliwa kwa Kiswahili kabla ya kurejea? Mtoto akisema Kiswahili hupewa adhabu gani, na adhabu hiyo imemwongezea Kiingereza kiasi gani? Wazazi kumi wakiuliza maswali hayo katika mkutano mmoja, mkutano ujao utakuwa na majibu.

Turudi jikoni

Turudi kwa mama yule tuliyemwacha akisubiri wali ukauke. Mtoto wake ameketi kizingitini, kitabu cha sayansi magotini, uso umekunjamana. Ukurasa unaeleza kwa Kiingereza habari za mvuke. Mama hawezi kuusoma ukurasa ule. Lakini mbele yake kuna sufuria, na akiufunua mfuniko mvuke utapanda, na matone yatashuka kutoka ndani ya mfuniko kama mvua ndogo.

Amwite. Amwonyeshe. Amwulize maji haya yametoka wapi, na aongeze kwamba mawinguni huko mambo ni yayo hayo. Kisha amwambie atafute kitabuni neno ambalo Waingereza wameliita jambo hili. Mtoto atalitafuta, atalipata, atalitamka, huenda akakosea mkazo. Hapana neno. Siku nyingine atalitamka vyema, na atakuwa analijua.